Mstari wa Chai kwenye Jino

Kitambaa cha kuoshea maiti kilipofika mdomoni, Zubeda, mwoshaji wa mtaa, aliinama kutazama. Jino la mbele lilikuwa na plombage nyeupe iliyoziba tundu, na ukingoni mwake ulikuwa umejichora mstari wa kahawia, kama wa kikombe cha chai kisichosuguliwa.

Ilikuwa Ijumaa asubuhi, mtaa wa Buyenzi, mwaka 1998. Alfajiri mke wa Anouar, Khadidja, alikutwa jikoni, uso umeliwa na moto wa petroli, bangili zake mkononi. Mpishi wao Mawazo, mwanamke mkimbizi, Mkongomani wa umbo kama la Khadidja, hakuonekana. Mtaa ukaamua palepale: Mawazo kaua, kakimbilia Uvira, ng'ambo ya mpaka. Kaka wa Mawazo, Moïse, alikuwa uani, kafungwa kamba, wanangoja mazishi yaishe wamkabidhi kwa wanajeshi. Na siku hizo aliyepelekwa kambini hakuulizwa tena habari zake.

Zubeda akamfunika maiti, akatoka. Jumanne tu Khadidja alizunguka nyumba kwa nyumba akiwachekea watu ili waone jino lake lililozibwa upya. Jeupe, ukingo hauonekani.

Docteur Hyacinthe, daktari wa meno aliyeliziba kule mtaa wa Asiatique, alikuwa amekaa na wafiwa.

"Docteur, plombage ya Khadidja inaweza kuwa imevuja?"

"Nilikausha jino, nikapaka gundi, nikapiga taa ya kuigandisha. Kwa nini, mama?"

"Tuseme gundi ilikuwa mbovu."

"Mate yangepenya, sawa. Lakini chai ichore mstari? Hiyo ni miezi, mama. Kwa siku tatu, apana."

Zubeda akamwinamia Moïse.

"Dada yako aliziba jino?"

"La mbele. Bukavu, kabla ya vita."

Basi aliyelala ndani si Khadidja, Zubeda akawaza. Nyuma yake wapishi walikuwa wakimsengenya Anouar: mfiwa gani huyu, anasema chakula hakipiti, na sahani ya pili ya wali kaipeleka stoo.

"Anouar," Zubeda akaita mbele ya watu wote, "fungua stoo."

"Niache, mama. Nimefiwa."

"Umefiwa na nani?"

Vijana wakausukuma mlango wa stoo. Khadidja alikuwa juu ya magunia, mzima, kajitanda kitenge cha Mawazo, sahani mapajani. Mwanamke mmoja alianguka chini.

"Mawazo alibeba mimba ya bwana yangu," Khadidja akasema. "Mi miaka yote nalia mutoto, yeye anakuja kupika tu, anapata. Nilimusukuma. Kichwa kikapiga jiwe."

"Na moto?" Zubeda akamgeukia Anouar. "Na bangili?"

"Mi niliweka. Usiku ningemuvusha Khadidja mupaka." Anouar aliangalia chini. "Mukimbizi akipotea, nani atamutafuta?"

Moïse alifunguliwa. Hakumgusa mtu. Alikwenda akasimama kwenye mlango wa chumba alimolazwa dada yake, hakuweza kuingia.

"Mwanangu," Zubeda akamuuliza, "kwenu nani anaosha?"

"Mama. Alibaki Bukavu."

Zubeda akakunja tena mikono ya gauni lake.

"Basi nielekeze. Maji ya moto, au ya baridi?"