Picha ya Kondele Iliyofika Jeddah

Kila Agosti, bosi wa Rosebellah alifunga nyumba yake ya Riyadh. Alipeleka jamaa yote Jeddah, kwa mama yake mzazi. Rosebellah, mfanyakazi wa nyumbani, alikwenda nao.

Mpaka leo anaikumbuka Jeddah ile. Anakumbuka joto la bahari lililokataa kukausha nguo. Anakumbuka paka waliolala chini ya magari. Zaidi anakumbuka jiko la nyuma, lenye mlango wa wavu. Nje ya mlango alikaa Zacharia, dereva wa bosi, Mkenya wa Nakuru. Ndani alikaa Rosebellah. Hiyo ndiyo ilikuwa desturi ya nyumba: mwanamume mgeni haingii walipo wanawake. Kabla madam, mke wa bosi, hajaamka, walisoma Zaburi moja kwa sauti ndogo, kila mtu upande wake wa mlango. Kisha Rosebellah alimpitishia chai.

Agosti ya mwaka 2017, Kenya ilifanya uchaguzi. Jumamosi moja asubuhi, baada ya matokeo kutangazwa, Rosebellah alikuwa akiosha mchele. Jikoni kulikuwa na televisheni ndogo. Kituo kimoja cha habari cha Kiarabu kilionyesha moto. Vijana walirusha mawe. Maduka yalifuka moshi. Aliijua ile njia panda. Ilikuwa Kondele, mjini Kisumu. Mumewe Ephraim na mama mkwe wake Rispah walikaa Mamboleo, karibu na hapo.

Mchele ulimwagika kwenye sinki. Alimpigia mumewe.

"Baba Emmah, Kisumu inaungua na wewe umekaa?"

"Huku Mamboleo kumetulia," alisema Ephraim.

"Kumetulia nini? Ninaona kwa macho yangu. Tafuta gari. Mpeleke mama kijijini Siaya leo."

"Mama amevunjika nyonga. Daktari alisema alale wiki sita, asitikiswe."

"Afadhali atikiswe kuliko achomwe."

"Haya. Wewe uko nje, unaona dunia yote. Sisi tunaona ua wetu tu. Nitamwambia mtu wa teksi ya probox aje saa sita."

Rosebellah aliweka simu chini. Zacharia alikuwa amesikia yote.

"Mama Emmah, chai yangu leo ina machozi?"

"Usinitanie, ndugu yangu. Kwetu kunaungua."

"Pole. Siwatanii walioumia. Lakini njia ya kwenda Siaya kutoka Mamboleo inapita wapi?"

Rosebellah alifikiri. "Inapita Kondele."

"Kwa hiyo unamtoa mgonjwa kitandani, unampeleka palepale penye mawe."

Rosebellah aliketi juu ya debe la mafuta.

"Kabla ya kuja huku niliendesha waandishi wa habari wa nje," alisema Zacharia. "Nairobi, miaka sita. Walikuwa watu wema, na kazi yao ni ya hatari. Lakini kila asubuhi waliniuliza, 'Zacharia, wapi kuna moshi?' Hawakuniuliza wapi kuna amani. Siku moja tulikuta matairi yanaungua barabarani. Mwandishi alisimama ili moshi uwe nyuma yake. Nyuma ya kamera, mama mmoja alikuwa anakaanga mandazi, na sisi tulikuwa wateja wake. Jioni mama yangu akanipigia akilia, 'Toka huko, nchi imekwisha.' Mimi bado nilikuwa na andazi mdomoni."

Rosebellah alitaka kucheka, akashindwa. "Basi walidanganya?"

"Hapana. Moto ulikuwapo, na mtu mmoja alikufa pale. Walionyesha kweli, lakini kipande. Wana dakika mbili tu. Wewe ukaona dakika mbili, ukafikiri umeona mji."

"Lakini Kondele nimeiona mwenyewe."

"Sawa. Umeiona ya lini?"

"Ya leo. Ni habari za leo."

"Habari ni za leo. Picha sijui. Ngoja, wataionyesha tena."

Walingoja. Rosebellah aliomba kimyakimya, "Bwana, nifungue macho." Saa nne na nusu ile picha ilirudi. Zacharia alisogea karibu na wavu. Alikuwa amejifundisha kusoma Kiarabu kwenye mabango ya barabarani.

"Pale pembeni, juu, pana neno dogo," alisema. "Wameandika kwamba ni picha za maktaba. Za zamani."

Rosebellah alikodoa macho. Hakujua kusoma neno lile. Lakini sasa aliitazama njia panda yenyewe, si moto.

"Daraja liko wapi?" aliuliza polepole. "Kondele ina daraja la juu siku hizi. Nililipita nikienda kupanda ndege. Hapa halipo. Hii ni ya vita vya zamani, mwaka 2008."

"Wewe ndiye mwenye Kondele. Kituo hakiijui kama wewe."

Rosebellah alimpigia Ephraim tena. Safari hii hakuamuru.

"Baba Emmah, simama mlangoni. Niambie unaona nini na kusikia nini."

"Naona jirani anaanika omena, dagaa wa ziwani. Alfajiri nilisikia milio ya risasi, mbali, upande wa mjini. Kuna watu wameumia huko, ni kweli. Hapa sasa nasikia kuku."

"Na mama anasemaje?"

"Anasema hatoki."

"Kumbe hata yeye sikumwuliza. Mwambie mwenye probox asije. Fungeni geti, mkae ndani. Kila jioni muulize yule jirani nesi, akirudi kutoka kazini mjini, hali ya barabara. Nikiona kitu huku, nitakuuliza kwanza."

Jioni Ephraim alimtumia ujumbe wa sauti. Mwenye probox alikuwa amechukua wateja wengine kwenda Siaya. Hapo Kondele alirushiwa mawe, kioo cha nyuma kikavunjika. Kwenye kiti cha nyuma ndiko mama Rispah angelazwa. Rosebellah alipiga magoti kwenye stoo, katikati ya magunia ya mchele, akashukuru.

Nyonga ya mama ilipona. Kufikia Oktoba alitembea kwa fimbo.

Novemba, jamaa ya bosi ikiwa imesharudi Riyadh, kombora lilirushwa kuelekea mji huo kutoka Yemen, nchi jirani iliyokuwa ikishambuliwa kwa ndege. Simu ya Rosebellah ililia asubuhi iliyofuata. Alikuwa mama Rispah mwenyewe.

"Mwanangu, televisheni inasema huko kuna vita. Sikuambii urudi. Nakuuliza kwanza unaona nini."

"Asante, mama. Jana nilisikia mshindo mmoja, mbali. Leo watoto wamekwenda shule. Zaidi ya hapo sijui."

"Na huko kombora lilikotoka, watu wake wakoje?"

Rosebellah aliitazama televisheni ya sebuleni. Ilionyesha uwanja wa ndege, askari, na anga ya Riyadh.

"Hapa hawaonyeshwi, mama."

"Basi na wao wana mama zao," alisema Rispah. "Tuwaombee hao kwanza."

Wakaomba, mmoja Mamboleo na mwingine Riyadh, mpaka madam alipoita.