Shahidi Aliyefutwa Jina

Jumanne ile Moshi ilijaa watu kama kumbikumbi baada ya mvua. Steshenari ya Loveness, karibu na stendi, ilikuwa na foleni mpaka nje kwa wauza parachichi. Mle ndani alisimama Winfrida, fundi cherehani wa Pasua. Amevaa gauni la kitenge cha kijani, maua ya njano, mikono ya marinda, kalishona mwenyewe. Mkononi ana bahasha ya kaki, kaishika kama mtu aliyebeba mayai.

Nyuma yake alikuwa mwanamume mrefu mwenye jaketi la bluu lililopauka, na kofia ya sufu juu ya joto lote lile. Ananukia moshi wa kuni na vitunguu. Huyo ni Hosea wa Marangu, mpishi wa wageni wanaopanda mlima. Alikuja kutoa kopi ya kitambulisho tu.

Winfrida akageuka. "Kaka, samahani. Wewe ni mtu wa Uru?"

"Hapana dada, mimi wa Marangu."

"Tuna undugu wowote?"

Hosea akamtazama kuanzia utosini hadi kwenye viatu. "Namshukuru Mungu, hatuna."

Loveness alicheka mpaka karatasi zikamponyoka.

"Basi nisaidie," Winfrida akasema. "Ninaandika wosia. Wanataka mashahidi wawili, mmoja ndugu, mmoja asiye ndugu. Ndugu ninaye, kaka yangu Melkior yuko pale nje. Huyo mwingine kapata msiba, na mwanasheria wa hapo ghorofani anafunga saa sita."

"Wosia? Pole dada. Unaumwa nini?"

"Siumwi hata mafua. Nina miaka arobaini na sita, sina mume, sina mtoto. Nisiposema mwenyewe, nani atanisemea?"

Na alikuwa na sababu. Jirani yake Mwalimu Gladys, naye hakuwa na mtoto, alikufa bila kuacha hata mstari mmoja. Kabla maua hayajanyauka kaburini, ndugu walikuwa wanavutana mpaka sufuria ya mtori. Winfrida ana kihamba kule Uru alichoachiwa na mama yake: migomba, kahawa, nyumba ya bati jekundu, na kaburi la mama lenyewe. Alitaka kije kuwa cha Theopista, binti wa jirani mwingine, aliyemlisha na kumwogesha yule mama miaka sita kitandani. Melkior alinuna wiki nzima. Halafu akasema, "Mama mwenyewe angemchagua Theopista," akakubali kusaini.

Hosea akapanda ghorofani, akasaini taratibu, herufi kwa herufi. Waliposhuka akasema, "Nimeshika kalamu nzito na tumbo tupu. Hata chai hakuna?"

Winfrida akampeleka mgahawani kunywa mtori wa ndizi. Hosea akaonja, akakunja uso. "Huu ni maji ya kuoshea ndizi. Siku moja nitakupikia wenyewe."

"Wanaume wa Marangu kwa maneno!"

"Nipe namba yako basi, nikuthibitishie."

Alithibitisha. Kila akishuka mlimani alikwenda Uru na ndizi zake na nyama yake ya mfupa, akapika, Theopista akilamba mwiko. Akiwa juu, alipiga simu mtandao ukishika.

"Malkia wa cherehani, umekula?"

"Nimekula, mpishi wangu. Huko kuna baridi?"

"Baridi ipo. Nikisikia sauti yako ninavua kofia."

"Muongo! Unavua uugue?"

Ikapita miezi saba. Siku moja Winfrida akarudi kwa mwanasheria. Alitaka kuongeza jina la Hosea katika wosia. Mwanasheria akamwambia, "Mama, anayeandikiwa kitu hawezi kuwa shahidi. Huyu itabidi tumtoe hapa chini ndipo tumweke huku juu." Ikaandikwa karatasi mpya. Mahali pa Hosea akasaini Ebenezeri, fundi viatu. Winfrida akanyamaza, akamshonea Hosea shati la mistari, akingoja ashuke amwambie kwa mdomo wake.

Lakini Melkior aliitwa kusaini tena, na miwani aliisahau nyumbani. Alisaini pale alipoonyeshwa kwa kidole, asisome kitu, ila alimwona Ebenezeri akisaini mahali pa Hosea. Jioni akapiga simu mlimani.

"Shemeji, mmegombana? Mbona jina lako limefutwa, kawekwa Ebenezeri?"

Siku ile wageni walikula uji ulioungua.

Hosea akashuka, asipige simu. Ikabidi Winfrida apige.

"Umeshuka, mpenzi?"

"Nimeshuka, dada."

Dada! Miezi saba hakumwita dada.

"Mbona hivyo, Hosea?"

"Shahidi aliyefutwa aseme nini? Uliogopa mpishi asiye na shamba atakuja kudai kihamba. Ungeniambia tu."

"Miezi saba unakula kwangu, na hilo ndilo unaloniwazia?" Winfrida akakata simu.

Wiki mbili zikapita. Shati la mistari likabaki limetundikwa mlangoni. Theopista alipomkuta analia kwenye kahawa, akamuuliza mpaka akaambiwa yote, akaenda moja kwa moja kwa Melkior.

"Shikamoo baba. Ile karatasi ulisaini bila kuisoma?"

Melkior akavaa miwani, akaomba nakala, akasoma. Akajipiga kofi kwenye paji la uso. Hapo hapo akashika simu.

"Hosea, kaa chini nikusomee. 'Kihamba ni cha Theopista. Lakini rafiki yangu Hosea aishi katika nyumba yangu mpaka siku yake ya mwisho, na mtu yeyote asimtoe.'"

Hosea akakaa chini kweli.

"Upo?"

"Rudia, shemeji," Hosea akasema, na sauti ilikuwa imelowa.

Jumapili, watu wanatoka kanisani, Hosea alisimama langoni kwa Winfrida. Kofia ameivua. Mkononi ameshika isale, lile jani refu la kijani tunalopanda mipakani, na shina lake. Wachaga wanajua: akuleteaye isale anaomba msamaha, na isale halikataliwi.

"Kumbe unajua kuniweza," Winfrida akasema, machozi yanamtiririka huku anacheka. "Leta."

"Nisamehe. Ndugu zangu waligawana cha baba mimi niko mlimani. Nilikuwa ninajiuliza nitazeekea wapi, na wewe ulishanijibu bila mimi kukuuliza. Haika, Winfrida. Haika sana." Ndiyo asante yetu.

"Haika na wewe. Shati lako lile pale, jaribu."

Akalivaa. Likamkaa. Akafunga vifungo, akasafisha koo.

"Lakini wosia wako una kosa."

"Tena? Kosa gani?"

"Umeandika 'rafiki yangu Hosea'. Mimi ninataka isomeke 'mume wangu'. Utakubali tukabadilishe?"

"Mlutheri wewe! Padri atasemaje?"

"Padri nitampikia mtori."

Winfrida akacheka mpaka akashika ukuta. "Nimekubali. Ila safari hii Melkior aje na miwani."

Akachukua lile isale, akaenda nalo nyuma ya nyumba, akalipanda pembeni ya kaburi la mama yake. Hosea akaleta maji kwenye kopo, Theopista akashindilia udongo kwa mguu. Wakasimama pale watu watatu, mtu na ndugu zake aliowachagua mwenyewe.

"Haika, mama," Winfrida akasema. "Nyumba ina watu."