Alama Arobaini za Khadidja

Kila siku baada ya shule, Khadidja alikwenda moja kwa moja mtaa wa Nyakabiga, kwenye duka la shangazi yake Sikuzani, ambapo watu huchapiwa barua na kazi za chuo. Kazi yake ya kwanza ilikuwa kuwasha kompyuta. Kompyuta yenyewe, jamani, ilikuwa imezeeka na maringo yake! Ungeiwasha, ukafagia duka, ukapanga karatasi, ukanywa na chai, nayo bado inajikongoja. Wateja walichoka kungoja wakahamia kwa jirani.

Ndipo shangazi alipomwita Anouar, fundi wa mtaa. Anouar alitoa diski ya zamani, kifaa kinachohifadhi kazi zote, iliyokuwa ikizunguka na kukoroma, akafunga mpya ya aina ya SSD, nyembamba, yenye kasi, isiyo na kitu kinachozunguka ndani. Kisha akaiunganisha ile ya zamani kwa waya ili kazi za wateja zinakiliwe kwenye mpya. Zikishahama, ya zamani ingefutwa kabisa na kupewa mtu wa mtaa wa Musaga.

Wakati wa alasiri, shangazi akiwa amekwenda kununua karatasi, Anouar alitoka kwenda kuswali. Alimwachia Khadidja daftari lenye majina ya wateja arobaini. Kunakili kukiisha, afungue kazi ya kila mteja, na ikifunguka vizuri aitie alama.

Kunakili kukiwa bado kunaendelea, umeme ukakatika, kompyuta ikazimika. Uliporudi, Khadidja aliiwasha, nayo ikaamka kabla hajakaa vizuri kitini. Alifurahi mno. Alifungua kazi tatu za kwanza, zikafunguka papo hapo. Nje, rafiki yake Christa alikuwa akimwita wakaruke kamba. Khadidja akajiambia kwamba kama tatu ni nzima, basi zote ni nzima. Akatia alama arobaini kwa mkupuo mmoja, akatoka mbio.

Anouar na shangazi waliporudi, fundi alimwita Khadidja ndani, akamuuliza kama amezikagua zote. Khadidja akajibu kwamba amezikagua. Kuhusu umeme hakusema neno. Anouar akaangalia alama, akamshukuru, akajitayarisha kuifuta diski ya zamani.

Wakati huohuo akaingia Valéry, mwanafunzi wa chuo kikuu. Kazi yake ya kumaliza masomo aliiandika kwa mkono, na shangazi akamchapia. Jumatatu angesimama mbele ya walimu kuitetea. Alisema mvua ya juzi imeingia nyumbani kwao, karatasi zake zote zimelowa na hazisomeki.

"Bahati yangu kazi iko humu kwako, dada Sikuzani," alisema.

Khadidja alizikumbuka zile alama arobaini. Alimwogopa shangazi, akamwonea haya fundi, lakini alivyouona mkono wa Anouar juu ya kompyuta, woga huo ukawa mdogo.

"Kaka Anouar, usifute! Nimedanganya. Umeme ulikatika, na mi nimefungua tatu tu."

Anouar aliondoa mkono polepole. Walipoitazama diski mpya, majina yaliishia kwa mteja aitwaye Pontien. Kazi ya Valéry haikuwamo. Ilikuwa imebaki kwenye ile ya zamani peke yake, ile iliyokuwa karibu kufutwa. Valéry akakaa kwenye benchi. Anouar alikiri kwamba naye amekosea, kwa sababu aliamini alama bila kuangalia kwa macho yake.

Wakaanza kunakili upya. Khadidja alizifungua kazi zote, moja baada ya nyingine, huku Christa na wenzake wakimaliza mchezo na kurudi makwao. Ya arobaini ilikuwa ya Valéry. Khadidja aliipitia hadi ukurasa wa mwisho, Valéry mwenyewe akiwa amesimama nyuma yake, ndipo akatia alama.

Shangazi alilifunga daftari.

"Tuliitafutia kompyuta mbio, tumezipata," alisema. "Lakini alama yako ni neno lako, Khadidja. Mtu akiiona, anaacha kuangalia mwenyewe. Leo neno lako lingemfutia mwenzako kazi ya mwaka mzima. Wazee walisema njia ya mwongo ni fupi. We umegeuka kabla ya kufika mwisho wake, na kwa hilo nakushukuru. Kesho daftari utalishika tena wewe."