Kisanduku cha Marehemu Chola

Asubuhi ile dada yangu Léonie alikuwa anapepeta unga uani kwake, Kamalondo, hapa Lubumbashi. Ulikuwa mwaka ule Zaire inaanguka: askari wamekimbia, ofisi ziko wazi, kila mpumbavu anabeba asichokijua. Mkubwa wa wapumbavu hao alikuwa shemeji yake, Mulenga.

Chola, marehemu mume wa Léonie, alikuwa fundi kwenye bohari la taka zenye mionzi. Kazi yake ilikuwa kushusha kisanduku cha kupimia ndani ya bomba katikati ya mapipa. Kisanduku kinarusha chembe ndogo ziitwazo nyutroni. Zikigonga maji zinapunguza mwendo, nacho kinazihesabu kwa kulia. Kikilia sana, maji yameingia, mapipa yataoza. Kabla ya kupima alikuwa anafukuza watu wote walio karibu, maana mwili wa mtu nao umejaa maji.

Mulenga hakujua hata hilo. Alikiiba kisanduku, akaja nacho kifua mbele, majirani nyuma yake. Alitaka nyumba ya mjane, basi. Kudai kwamba Léonie alimuua mumewe kwa uchawi kulikuwa kisingizio cha mlafi.

"Hii mashini haidanganyake," alisema. "Itaonyesha nani alikula ndugu yangu."

Akakielekeza kwa Léonie. Kikalia kama bisi kwenye sufuria.

"Munaona? Iko muloji! Atoke mu hii parcelle, mu hii nyumba, leo!"

Wajinga wakaokota mawe. Niliogopa, sikatai. Léonie akanong'ona, "Inaliaka kwa kila muntu. Muntu njo mayi. Jipime na weye, shemeji."

Mulenga akacheka meno yote nje, akakibandika kifuani pake.

Kimya.

Akakitikisa. Kwa Léonie, kikalia. Kwangu, kikalia. Kwa mtoto mgongoni mwa jirani, kikalia. Kwake, kimya.

Mawe yakaanguka. Mtu mmoja akarudi nyuma. Wakarudi wote. Jua lilikuwa kali, lakini Mulenga hakuwa na tone la jasho. Alilamba midomo. Ulimi ulikwaruza, tukausikia.

"Mayi," alinong'ona. "Munipe mayi."

Hakuna aliyempa. Aliondoka na kisanduku chake, na hadi leo hajaonekana. Sikumtafuta, mtu wa aina ile hatafutwi.

Léonie bado anakaa nyumbani kwake. Mvua za Lubumbashi mnazijua, ua wote unakuwa matope. Ila pale aliposimama Mulenga, zimebaki nyayo mbili za vumbi kavu. Kuku wa Léonie huoga humo.