Majani ya Shangazi Tumpe

Saa nne asubuhi kisikizi cha kwanza kiliwashwa kwenye nguzo ya taa, sokoni Mbeya. Kilikuwa na ukubwa wa kitumbua, lakini kilinasa kila simu na kila mnong'ono wa soko zima. Mtu akiitaja bangi kwa jina lolote, taa yake iligeuka nyekundu na polisi wakaja. Aliyenaswa alikaa mahabusu siku saba kabla ya kusikilizwa. Ndivyo sheria mpya ilivyosema.

Watu walimpigia makofi Ignas Mlowe, aliyekiunda. Mhandisi Sekela Mwaijande naye alipiga, kwa ncha za vidole. Miaka kumi na moja alikuwa ameunda vinusaji, mashine za kunusa mizigo, na havikuwahi kumwonea mtu. Sasa vilikuwa stoo, na huyu aliyeajiriwa juzi ndiye aliyeketi kando ya mkurugenzi. Roho ilimuuma, na alijua ni kijicho tu. Hata shati la Ignas lilimkera.

Wiki moja kabla ya hapo, Ignas alikuwa amemletea orodha ya maneno ya kunaswa.

"Dada Sekela, naomba uipitie. Kesho inatiwa muhuri, na ikishatiwa, neno haliondoki mpaka Bunge likae."

Kasoro aliiona papo hapo. Ignas alikifundisha kisikizi kwa mafaili ya mahakama, na humo majani yote ni "majani makavu yadhaniwayo kuwa bangi". Hakuna aliyewahi kushtakiwa kwa chai. Lakini jikoni nani husema "majani ya chai"? Watu husema majani, basi.

Acha aumbuke, Sekela aliwaza.

"Iko sawa," akamjibu.

Sasa, pale sokoni, saa moja haikupita tangu kisikizi kiwashwe, taa ikawa nyekundu. Spika ikarusha ujumbe ulionaswa: "Mwanangu, simu yako haipatikani. Majani yako nimeshayafunga, kilo mbili. Nayapeleka stendi."

Sekela aliitambua sauti. Ilikuwa ya shangazi yake Tumpe, aliyemlea tangu akiwa na miaka minne. Simu yake Sekela alikuwa ameizima mwenyewe kwa ajili ya sherehe.

Ignas alishika kipaza sauti. "Kosa ni langu," alisema. "Neno hilo sikulifikiria."

Watu wakamwonea huruma. Sekela akamwonea wivu hata hapo, kwa kuwa kosa la Ignas lilikuwa la kusemeka mbele za watu. La kwake alilimeza.

Siku ya saba alikwenda mahabusu. Shangazi Tumpe alitokea dirishani, miguu imevimba kwa presha. Juu ya dirisha palikuwa na kisikizi kipya.

"Wananitoa saa nane," alisema shangazi.

"Shangazi, kuna jambo nililiona, nikanyamaza..."

"Utaniambia nyumbani. Mimi nilikuwa nakuwazia wewe tu, mwanangu. Majani yalikufika?"

Juu yao taa iligeuka nyekundu.