Macho ya Ukutani

Walikutana sokoni, saa sita mchana, tone la rangi ya bluu lilipomdondokea fundi cherehani begani. Akatazama juu. Mchoraji alikuwa ngazini, brashi mkononi, anacheka.

"Wewe! Gauni jipya hili!"

"Samahani, mrembo. Nitakufidia. Nitakuchora ukuta mzima."

"Kwani mimi tangazo la sabuni?"

Basi, mapenzi yakaanzia hapo. Kila Jumapili walizunguka mjini kutazama kuta: simba nyuma ya kituo cha mafuta, bibi mwenye kiko kwenye ghala la saruji. Mchoraji alikuwa na mtindo wake: macho aliyachora mwisho, mwenye macho hayo akiwa amesimama mbele yake. Zamu ya fundi kuchorwa ilipofika, akamwachia mchoraji lile gauni la njano, doa na yote, alitazame akichora.

Siku ya Jumanne fundi akapita sokoni na mzigo wa vitambaa. Lo! Msichana mwingine, mzuri hasa, kasimama chini ya ngazi ndani ya lile gauni la njano!

"Inua kidevu, malkia," mchoraji anamwambia.

Fundi hakuuliza. Hasira hasara, ndiyo, lakini wivu ukikukaba nani anakumbuka methali? Simu ikaita siku saba, hakupokea.

Siku ya nane msichana yule akaingia dukani, gauni limepigwa pasi.

"Wifi, za kazi? Kaka kasema nikurudishie. Nilisimama kwa niaba yako, maana mchana huna nafasi. Kaondoka asubuhi. Kapata kazi mbali, miaka miwili."

"Kaka? Yule ni kaka yako?"

"Tumbo moja, wifi. Hakukwambia?"

Fundi alikimbia hadi sokoni, futi ya kupimia ikining'inia shingoni. Ukutani alikuwa yeye, mrefu kama ghorofa, doa la bluu begani. Macho yamefumbwa.

Akampigia mchoraji simu.

"Nisamehe, mpenzi. Nilidhani..."

"Ungeniuliza tu." Nyuma yake basi lilinguruma. "Nilikusubiri siku saba. Jana ilibidi nikabidhi kazi, nikayafumba."

"Rudi uyafumbue."

"Nimeshasaini."

"Basi nitakungoja. Nipigie kila siku."

"Nilikupigia kila siku," alisema kwa upole, na simu ikakatika.

Mama muuza nyanya alimtazama, akatazama ukuta.

"Mwanangu, si wewe huyu? Mbona kakuchora umelala?"

"Sikulala, mama," fundi alisema, machozi yakimtiririka. "Nilikataa kuangalia."