Koleo la Mpini Mwekundu

Mjukuu wangu tunamwita Chiriku, maana mdomo wake haujui kupumzika. Kila jioni akitoka shule huvua viatu mlangoni, akaketi nami jikoni tukachambua mchele, na kabla hatujafika nusu ya ungo nimeshajua nani kapigana, nani kalia, na mwalimu wa hesabu kavaa shati gani. Mimi kazi yangu kuitikia na kutoa mawe. Kwa hiyo siku aliponyamaza, nilijua kuna jambo.

Lilianza na mwaliko. Shangazi yake, binti yangu wa mwisho, alikuwa amepata kazi ya kuhudumia wageni katika mkahawa wa nyama choma wa Kikorea. Jumamosi moja akatuita tukaonje. Nikavaa gauni langu la harusini, tukaenda.

Meza ilikuwa na shimo katikati, ndani yake makaa yanawaka, na juu wavu wa chuma. Binti yangu akaleta sahani ya kuku mbichi aliyekatwakatwa na kulowekwa kwenye viungo, majani ya saladi, na vibakuli vya mboga chachu vingi hata nikakosa pa kuweka mkono.

"Mwanangu, mbona nyama mbichi?" nikamwuliza. "Jiko lenu limezimika?"

"Hapa mgeni anachoma mwenyewe, mama. Ndiyo raha yake."

"Haya! Kumbe nimejipamba hivi kuja kupika!"

Chiriku akacheka mpaka watu wa meza ya jirani wakageuka. Shangazi yake akamkabidhi makoleo mawili. "Sikiliza, mwanangu. Hili la mpini mwekundu ni la nyama mbichi tu. Hili jeusi ni la iliyoiva. Usiyachanganye, na usitoe nyama mpaka iwe nyeupe hadi ndani. Kuku mbichi ana vijidudu."

"Nimeelewa, shangazi. Leo mimi ndiye mpishi wa bibi!"

Shangazi akaenda kwenye meza nyingine. Nilipokuwa nikipekua mkoba kutafuta miwani, nikasikia kitu kikianguka sakafuni, kleng! Sikukiona. Baadaye kidogo Chiriku akanifungia kipande cha kwanza ndani ya jani la saladi. "Mkubwa kwanza, bibi."

Nikauma. Nje kilikuwa cha moto, ndani laini na baridi. Lakini mtoto alikuwa amenikodolea macho, anangoja sifa. Nikameza.

"Kitamu?"

"Kitamu, mama."

Akaniongeza viwili. Vyake yeye alivichoma mwishomwisho, vikakauka vizuri.

Siku ya tatu tumbo lilinikamata, nusura nihamie chooni. Daktari wa zahanati akasema nimekula kuku asiyeiva. Mwanangu, baba yake Chiriku, akaenda mkahawani amefura kama andazi. Mchana huo binti yangu akarudi na sare yake imekunjwa ndani ya mfuko.

"Nimesimamishwa," akasema. "Ijumaa wataamua kama wananifukuza. Wanasema sikuwaelekeza wageni wangu."

Chiriku alikuwa amesimama mlangoni, ameinamisha kichwa. Na mimi, mtu mzima na mvi zangu, nikageukia ukuta nikajifanya nimelala. Niliona haya kumtaja mtoto.

Tangu hapo nyumba ikawa kimya. Mchele nikauchambua peke yangu. Chiriku aliniletea uji bila kuagizwa, akajaza ndoo zote maji, hata ile inayovuja. Chakula akawa anakipapasa tu. Alhamisi alfajiri nikamkuta anapiga pasi sare ya shangazi yake.

"Hiyo sare inakwenda wapi, mama?" nikamwuliza taratibu.

Pasi ikasimama. Machozi yakadondokea kola.

"Bibi, lile koleo jeusi liliniangukia. Niliona aibu kuomba lingine, nikatumia lile jekundu kwa yote. Na nyama niliitoa upesi, nilitaka ule kabla hujachoka kungoja. Shangazi alinieleza kila kitu. Mimi ndiye niliyekufanya uugue."

Nilimwondolea pasi kwanza, isije ikaunguza kitambaa. Kisha nikamvuta karibu.

"Na mimi nina langu. Niliona nyama haijaiva. Nikameza ili nisikuvunje moyo, na binti yangu aliporudi analia sikusema kitu. Tuko wawili, Chiriku. Vaa viatu."

Huko mkahawani meneja alitupokea amekunja uso. Chiriku alisema yote, hakuruka hata neno. Nami nikaongeza la kwangu. Meneja akafungua sanduku chini ya kaunta. Lilikuwa limejaa makoleo.

"Yote haya, binti. Ungeomba moja tu."

Mchana huohuo shangazi akarudishwa kazini, akaombwa radhi. Alivaa sare ile yenye alama ya machozi kwenye kola. Chiriku alipomwomba msamaha, akamfinya shavu. "Nimekusamehe. Ila pasi hujui kupiga."

Tulipokuwa tunarudi nyumbani nikamwambia, "Wahenga walisema mficha maradhi, kilio humuumbua. Aibu ya kusema nimekosea ni ya kitambo kidogo. Ukiikimbia, haipotei, bali humwangukia mwingine asiye na kosa. Na nyama ya kuku, mama, haina adabu ya kumwonea mtu haya. Iive, au isiliwe."

Jumapili iliyofuata Chiriku alikaanga kuku nyumbani, akaniletea paja. Nikalipasua kwa kisu, nikachungulia.

"Bado, mama. Rudisha."

Akacheka, akarudisha jikoni. Na huko jikoni nikamsikia ameanza tena: mwalimu wa hesabu, eti, kavaa soksi mbili tofauti.